Je, Maji ya Kisima Chako Yamepimwa?

Mkulima aliyechimba kisima chake mwenyewe amepunguza taabu nyingi. Watoto hawaendi mtoni alfajiri, ng'ombe hunywa papo hapo nyumbani, na sukuma wiki hunyweshwa hata wakati wa kiangazi. Lakini ukimwuliza kama maji yake ni safi, mara nyingi atakujibu: "Safi kabisa, tena matamu. Onja mwenyewe." Jibu hilo halitoshi. Vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho, wala havina harufu wala ladha.

Mwaka 1854, katika mji wa London, watu wengi walikufa kwa kipindupindu kwa sababu ya kunywa maji ya kisima kimoja cha bomba katika mtaa wa Broad Street. Mama mmoja aliyekuwa amehama mtaa huo aliyapenda sana maji yake, akawa akiletewa huko mbali alikokaa. Yeye naye akafa.

Jambo la karibu zaidi ni lile la Mukumu, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu. Mwaka 2023, mvua za masika zilipokuwa zikianza, ugonjwa uliingia katika shule ya wasichana ya mahali hapo. Mamia walitibiwa, na wanafunzi kadhaa pamoja na mwalimu mmoja walifariki. Shule ikafungwa. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba maabara zimeona vijidudu viitwavyo E. coli pamoja na vile vya homa ya matumbo. Magonjwa hayo huenezwa kwa maji au chakula kilichoingiwa na mavi.

E. coli hukaa matumboni mwa watu na wanyama. Aina nyingi hazidhuru, lakini zikionekana katika maji ni ushahidi kwamba mavi yamefika humo, na njia iliyoyapitisha mavi yaweza kupitisha ugonjwa wowote wa tumbo. Ndiyo maana maabara huzitafuta hizo kwanza. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa, yaani kama nusu kikombe, asipatikane hata kijidudu kimoja cha namna hiyo.

Sasa nyinyi wa skimu mnalo jambo lenu. Skimu nyingi zilianza katika mpango wa ekari milioni moja, tangu mwaka 1962. Mzee alipopewa shamba alichimba kisima hapa na choo kule, na nafasi ilikuwa tele. Leo wana wameoa, shamba limegawanywa, na kila nyumba ina choo chake na zizi lake. Kisima ni kile kile, lakini majirani zake wameongezeka. Pima kwa hatua: choo kisiwe karibu kuliko mita 30, na kisiwe upande wa juu wa kisima. Ukiona choo cha ndugu yako kiko juu mlimani kuliko kisima chako, usianze ugomvi wa mpaka. Pimeni maji kwanza.

Mwendee Bwana Afya wa eneo lako, umwulize ni maabara gani inayopokea maji, na ada yake. Omba chupa ya maabara iliyochemshwa tayari. Chupa ya soda uliyoiosha nyumbani haifai, kwani itapimwa chupa wala si kisima. Usiisuuze, usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko, na usiijaze mpaka juu. Kama kisima kimetiwa klorini, sema mapema, maana chupa yake hutiwa dawa maalum. Iweke chupa penye barafu na kivuli, ifike maabara siku ile ile, na ikiwezekana kabla ya saa sita kupita. Majirani wanaweza kuchangia nauli ya mtu mmoja, lakini kila kisima kiwe na chupa yake yenye jina.

Wakati nao ni muhimu. Watu hupenda kupima wakati wa kiangazi, maji yakiwa yametulia, wakapata cheti kizuri cha kuonyesha wageni. Afadhali upime mvua kubwa zinapoanza, kwa kuwa hapo ndipo uchafu wa juu huoshwa na kuingia chini. Kipimo ni habari ya siku ile tu. Rudia kila mwaka.

Tena pima maji ya mtungi. Katika uchunguzi uliofanywa Busia na kuchapishwa mwaka 2011, chemchemi zilizojengewa zilipungukiwa na uchafu kwa karibu theluthi mbili, lakini maji yaliyokuwa nyumbani hayakutengenezeka kwa kiasi hicho. Yalichafuliwa tena njiani na ndani ya nyumba, kwa mikono na vyombo.

Jibu likiwa baya, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa, au tia klorini kama kibandiko cha chupa kinavyosema na ungoje nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza. Kisha tengeneza kisima: ukingo ulioinuka, kifuniko, sakafu ya saruji na mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika. Bwana Afya atakuonyesha kiasi cha klorini ya kutia kisimani, halafu upime upya.

Liko jambo moja ambalo kuchemsha hakuliondoi, nalo ni naitreti, itokayo kwenye mbolea, samadi na vyoo. Kwa kuchemsha maji hupungua, lakini naitreti hubaki yote, hata ikazidi ukali. Hudhuru hasa watoto wachanga wanaopewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Kipimo cha juu ni miligramu 50 kwa lita. Ikiwa kisima chako kiko kando ya zizi au katikati ya mahindi yanayotiwa mbolea kila msimu, waambie watu wa maabara wakitafute hicho pia, na mtoto mchanga apewe maji ya mahali pengine mpaka jibu lirudi.