Kunyoa Ndevu kwa Wembe wa Mashine

Vijana wengi wa hapa Jabe wanaoanza kuota ndevu hudhani ya kuwa kunyoa vema ni kunyoa mpaka kidevu kiwe laini kama kioo. Mimi sikubali neno hilo. Kwetu sisi wenye nywele za kipilipili, kunyoa vema ni kunyoa bila kuumiza ngozi, tena kwa wembe usiotumiwa na mtu mwingine. Nitaeleza sababu zake.

Zamani wembe ulikuwa kisu kitupu cha kukunja, nao ulitaka mkono wa fundi. Mwaka 1904 Mmarekani mmoja, King Camp Gillette, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake: wembe mwembamba wenye makali pande mbili, unaobanwa katikati ya mabamba mawili ya chuma, hata makali yatokeze kidogo tu. Kwa hiyo si rahisi kukata kwa kina.

Ukitaka kununua mashine hiyo, itazame kwanza. Tia wembe, kaza mpini, kisha angalia makali yametokeza sawasawa pande zote mbili. Yakipinda, iache. Mashine yenye uzito kidogo ni bora, maana uzito wake hufanya kazi, wala huna haja ya kukandamiza.

Sasa njia ya kunyoa ni hii. Osha uso kwa maji ya moto kiasi na sabuni, uache ndevu zilainike kwa dakika 2 au 3. Pitisha kiganja juu ya shavu: upande ambao kiganja chateleza bila kukwaruza, ndiko ndevu zinakoelekea. Paka povu jingi. Shika mashine kwa mshazari, ishushe polepole kufuata mwelekeo huo, kwa hatua fupi fupi, na kuisuuza kila mara. Usiivute ngozi sana, wala usirudi kinyume ili kutafuta ulaini. Mwisho osha kwa maji baridi. Ukijikata, bonyeza kwa kitambaa safi. Kipande cha shabu chako mwenyewe pia husaidia kuzuia damu.

Mbona nakataza kunyoa kinyume? Unywele wa kipilipili hukua kwa kujikunja. Ukikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake huwa kali kama mwiba. Ukiota hujipinda na kuingia tena ndani ya ngozi. Hapo ndipo hutokea vile vipele vya kidevuni na shingoni ambavyo wengi hudhani vyatokana na sabuni. Ukivipata, pumzisha wembe mpaka vipoe, wala usivitumbue.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Marafiki hupenda kugawana kila kitu, hata wembe mmoja chumbani. Msifanye hivyo kamwe. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho yatosha kupitisha ugonjwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kuusuuza wembe kwa maji hakuviondoi. Virusi vya ukimwi navyo huweza kupita kwa wembe wenye damu. Basi ukienda kwa kinyozi, mwambie kwa adabu afungue wembe mpya mbele yako. Kinyozi mwema hatachukia.

Wembe ukianza kuvuta ndevu badala ya kuzikata, uutupe. Lakini usiutupe ovyo uani wanakocheza watoto. Utie katika kopo lenye kifuniko. Mwenzako akikuomba wembe, mpe mpya ulio katika karatasi yake. Huo ndio urafiki.