Uhandisi na Biashara Bukavu: Je, Cheti cha Pili Kinalipa?

Mtoto akipata asilimia nzuri kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, nyumbani huanza kikao: asome uhandisi au asome biashara? Siku hizi Bukavu kuna jibu la tatu, na hutolewa kwa sauti ya mtu aliyemaliza ubishi: asome vyote viwili. Uhandisi umpe ufundi, gestion, yaani usimamizi wa biashara, impe mkate siku ufundi utakapokosa mteja. Na kwenye kadi ya harusi jina lake litatanguliwa na vifupisho viwili, jambo ambalo halimo katika bajeti ya familia lakini limo katika mipango yake.

Wazo hilo si la kijinga. Katika mji ambao ajira za mshahara ni chache, cheti ni aina ya bima, na mwenye bima mbili hulala vizuri zaidi. Shida ni ada za bima yenyewe. Mfumo wa LMD, ulioanza kutumika katika vyuo vya Kongo mwaka wa masomo wa 2021-2022, unahesabu krediti 60 kwa mwaka: 180 kwa licence, kisha 120 kwa master. Mhandisi aliyefika ngazi ya master ana 300. Mwongezee licence ya gestion, anafika 480, yaani miaka minane. Masomo machache yanafanana, hisabati na takwimu hasa, na chuo kinaweza kuyahesabu mara moja kikitaka. Kikitaka. Na hapo hatujaingiza migomo ya maprofesa, wala ule mwaka wa masomo ambao wanafunzi wa Kongo wameuita tangu zamani mwaka wa elastiki.

Kuna na jiografia. Biashara iko mlangoni: chuo cha biashara cha ISC Bukavu kipo, na UCB, chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa 1989, kina kitivo cha uchumi na gestion. Anayetaka kuwa mhandisi wa umeme mara nyingi huangalia ng'ambo ya Ziwa Kivu, chuo kikuu cha ULPGL cha Goma, au Lubumbashi, au nje ya nchi. Vyeti viwili kwa mtu wa Bukavu vinaweza kumaanisha miji miwili, na miji miwili ni kodi mbili za chumba.

Vyuo vya Australia, ambako shahada pacha ya uhandisi na biashara ni jambo la kawaida, huzifunga zote mbili katika miaka mitano au sita hivi, na serikali humkopesha mwanafunzi ada hadi atakapoanza kupata kipato cha kutosha. Hapa mkopeshaji ni Mama anayeuza vitenge Kadutu, na yeye huanza kudai mapema zaidi.

Sisi Wakongo tuna mfano wa karibu zaidi, kwa kuwa mila zetu za chuo zilitoka Ubelgiji. Mwaka 1903 Ernest Solvay, mwenye viwanda vya magadi, alianzisha shule ya biashara katika chuo kikuu cha Brussels, na shule hiyo ndiyo iliyovuma kwa cheo cha ingénieur commercial, mhandisi wa biashara. Haikuwa kumsomesha mtu shahada mbili. Ilikuwa shahada moja yenye sayansi ya kutosha kwa mtu atakayeendesha kiwanda asikubali kudanganywa na fundi wake mkuu. Solvay mwenyewe hakusoma chuo kikuu, ugonjwa wa mapafu ulimzuia ujanani. Hata hivyo njia yake ya kutengeneza magadi iliwashinda washindani waliokuwa na vyeti.

Je, Bukavu inawahitaji watu wa aina hiyo? Tazama mto Ruzizi, pale maji ya Kivu yanapotokea. Bwawa la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na uwezo wake haufiki megawati 30. La pili lilikamilika 1989, karibu megawati 44, chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. La tatu lingezidi yote mawili yakijumlishwa: michoro ya awali ilisema megawati 147, baadaye 206. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake Desemba 2015. Mikataba mikuu na wawekezaji ilitiwa saini 2019. Mto haujaacha kushuka hata siku moja, na mteremko umejulikana tangu enzi za Wabelgiji. Kilichochukua miaka ni maswali ya namna nyingine: nani atanunua umeme na kwa bei gani, nani atamdhamini mnunuzi ambaye ni kampuni ya taifa, hasara itamwangukia nani vita ikirudi. Si maswali ya bure, kwa sababu SINELAC imekuwa ikizidai kampuni za umeme za nchi hizi malimbikizo kwa miaka mingi. Mhandisi asiyeweza kusoma mkataba wa kuuza umeme anaweza kuhesabu turbini bila kosa na bado asijue kwa nini mtaa wake uko gizani.

Kwa hiyo ndiyo, tunawahitaji. Lakini angalia ni ujuzi gani hasa uliokosekana pale. Bei, dhamana, deni, mkataba. Hayo ni masomo manne au matano. Licence nzima ya gestion ina mengine mengi, na baadhi yake humfundisha mhandisi kuandika ripoti ambayo hakuna atakayeisoma.

Hata chini kabisa, kwenye ujenzi wa nyumba za mlimani, mambo ni yaleyale. Kijana aliyehitimu ujenzi anapewa kazi ya ukuta wa kuzuia udongo Panzi. Anajua nguzo iende chini kiasi gani. Anapokea avansi kwa dola, sementi inapanda bei kwa sababu mpaka umesumbua, anachukua avansi ya mteja wa pili kumalizia ukuta wa mteja wa kwanza, na kufikia mteja wa nne ana sifa njema ya ufundi na kesi kwa chef wa mtaa. Udongo haukumwangusha, aliangushwa na kutojua tofauti ya fedha iliyo mfukoni na fedha iliyo yake. Hilo hufundishika kwa wiki chache. Akitaka kusajili kampuni, atahitaji pia uhasibu wa OHADA, kwa kuwa Kongo imo ndani ya sheria hizo za biashara tangu 2012. Huo nao ni somo moja, ingawa ni gumu.

Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifungwa. Ghafla swali la namna ya kuwalipa wafanyakazi wa site likawa kubwa kuliko swali la zege. Aliyesoma gestion miaka mitatu hakuwa na jibu bora kuliko msimamizi wa kawaida mwenye simu ya kutuma pesa na uaminifu wa watu.

Mimi ningemshauri mwenye kipaji cha hesabu aanze na uhandisi na aumalize. Nasema aanze kwa sababu mlolongo una maana. Uchambuzi wa miundo na sakiti za umeme ni vigumu kuvirudia ukiwa na miaka thelathini, watoto wawili na kazi. Uhasibu watu huusoma jioni hadi uzeeni. Akiwa chuoni, amwombe dekano amruhusu kuchukua kozi za uhasibu na sheria ya mikataba kama krediti za hiari. Kama dekano hana mwanya huo, basi lawama iende kwa dekano, mwanafunzi asiongezewe miaka mitatu. Baada ya miaka kadhaa kazini, akiona anasimamia watu kuliko anavyochora, hapo master ya usimamizi ina maana, maana atakuwa na maswali ya kuipeleka darasani.

Wapo watakaofaidika na vyeti viwili kamili: wachache wenye nguvu ya kusoma bila kugawanyika, na familia isiyotegemea mshahara wao wa kwanza. Wengine watapata nusu ya mhandisi na nusu ya mhasibu, na mwajiri wa Bukavu, ambaye hana hela ya kulipa hata mmoja mzima, atawaajiri kama stajieri. Na yule ambaye baba yake ana quincaillerie Nyawera na amekulia nyuma ya kaunta, akijua nani hukopeshwa misumari na nani hakopeshwi, aende uhandisi moja kwa moja. Biashara ameshasomeshwa, bila ada ya minerval.