Pazia la Mota Linapogoma: Yapi Yakaguliwe Kabla ya Kununua Mota Mpya

Mlaji ambaye pazia lake la kuviringisha kwa mota limekataa kusogea huambiwa upesi kwamba mota imeungua na sharti anunue nyingine. Huenda ni kweli. Hata hivyo, mota ni miongoni mwa sehemu za gharama kubwa katika pazia la aina hiyo, na kabla ya kuilaumu yapo mambo manne ambayo mtu anaweza kuyakagua mwenyewe bila kushika bisibisi. Tunashauri yakaguliwe kwa utaratibu ufuatao.

1. Umeme
Mota nyingine huunganishwa na umeme wa nyumba wa volti 230. Nyingine hutumia betri ya ndani inayochajiwa. Kwa zile za umeme wa nyumba, ihakikishwe kwanza kwamba uniti za LUKU hazijaisha na kwamba swichi ya saketi ya chumba hicho haijajizima. Ikiwa swichi hiyo inajizima tena kila inapowashwa, iachwe ikiwa imezimwa na aitwe fundi, kwa kuwa hiyo ni dalili ya hitilafu. Kwa mota ya betri, dalili ya upungufu wa chaji ni pazia kushuka vizuri lakini kupanda kwa shida, kwani kupanda kunahitaji nguvu zaidi. Betri ichajiwe hadi ijae, kwa chaja ya aina iliyotajwa katika kijitabu cha maelekezo.

2. Rimoti
Pazia likigomea rimoti lakini likaitikia kitufe kilicho kwenye mota au swichi ya ukutani, mota ni nzima. Betri ya rimoti ibadilishwe, kisha itazamwe chaneli iliyochaguliwa, maana rimoti moja huweza kuendesha mapazia kadhaa, kila moja kwa namba yake.

Hapa tunatoa tahadhari kubwa. Rimoti nyingi hutumia betri ndogo bapa zenye umbo la sarafu. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2 tu. Akishukiwa kuimeza, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Betri zilizokwisha zisiachwe juu ya meza wala kwenye droo iliyo wazi.

3. Joto
Mota nyingi za umeme wa nyumba zina kinga inayozizima zinapopata joto kupita kiasi. Kwa kawaida hazikuundwa kufanya kazi mfululizo kwa zaidi ya dakika chache, mara nyingi 4 hivi. Watoto wakichezea rimoti kwa kupandisha na kushusha pazia, mota husimama ghafla na kuonekana kama imekufa. Iachwe ipoe kwa nusu saa, kisha ijaribiwe tena.

4. Vikomo na kitambaa
Mota huhifadhi kumbukumbu ya mahali pa kusimama juu na chini. Pazia linalosimama katikati, au linalopita mwisho wake, huenda limepoteza vikomo hivyo. Umeme unapokatika na kurudi mara kadhaa kwa haraka, baadhi ya mota huingia katika hali ya kupangwa upya na kuacha kutii kama kawaida. Dawa yake ni kufuata hatua za kupanga vikomo zilizomo katika kijitabu. Aidha, itazamwe kama kitambaa kimeviringika upande na kukwama kwenye bano. Pazia la mota lisivutwe kwa mkono.

Mahali pa kukomea
Ukaguzi wa mlaji unaishia hapo. Ikiwa kuna harufu ya kuungua, moshi au waya uliochubuka, au mota inasikika ikizunguka huku pazia halisogei, umeme uzimwe kwenye swichi ya saketi. Kubonyeza rimoti hakukati umeme unaofika kwenye mota. Kwa Tanzania Bara, kazi ya nyaya za umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mlaji ana haki ya kuomba aonyeshwe leseni hiyo.

Mbele ya muuzaji au fundi
Kabla ya kulipia chochote, mlaji aangalie kama dhamana ingali hai. Risiti ya EFD na kadi ya dhamana ndizo ushahidi wake, na kuifungua mota mwenyewe kunaweza kumpotezea haki hiyo. Akiambiwa mota imeharibika, aombe mambo matatu: maelezo ya hitilafu kwa maandishi, bei ya kifaa ikitenganishwa na bei ya kazi, na kurudishiwa mota iliyotolewa. Fundi mwaminifu hatakereka kwa maombi hayo.

Pasipopatikana maelewano, malalamiko yaandikwe kwanza kwa muuzaji, na nakala ihifadhiwe. Yasiposhughulikiwa, yanaweza kufikishwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa na huduma. Tunamsihi kila mlaji aandike tarehe ya tatizo, hatua alizochukua na majibu aliyopewa; maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha kama mota ilikuwa imeungua kweli au la.