Taarifa Ikifika, Msiwapatanishe

Kwenye mikutano ya waandika programu ninayosaidia kuiandaa, taarifa za utovu wa adabu haziletwi mezani, pale tulipoweka bango na namba ya simu. Zinaletwa kwenye foleni ya chai, kwenye ngazi, au kwa meseji ya saa tano usiku. Mtu huanzia mbali. Atauliza kama ratiba ya kesho imebadilika, atasifu pilau, kisha atasema, "Dada, sijui hata kama hili ni la kusema." Katika kamati yetu mimi ni mmoja wa wale wa kuambiwa. Nikimjibu "una uhakika?", hataendelea, na hatarudi tena.

Nieleze kidogo kwa asiyeijua mikutano hii. Haina mwenyewe. Watu wanaotumia lugha fulani ya kompyuta, au wanaoandika Wikipedia, hujikusanya, wakatafuta wadhamini, wakaomba ukumbi wa chuo na kutumia likizo zao kupanga viti. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, na Wikimania ya 2025 ikaja Nairobi mwezi Agosti. Hupendeza sana, maana kijana wa Iringa hukaa meza moja na mtu ambaye programu yake ameitumia miaka yote bila kumjua sura. Lakini waandaaji ni marafiki, na watakaoshtakiwa kwao ni marafiki zao.

Kanuni za maadili za mikutano hii zina historia fupi. Novemba 2010, baada ya mkutano wa ApacheCon mjini Atlanta, Marekani, mshiriki mmoja alieleza hadharani kwamba alishambuliwa kingono. Wengi wakajiuliza mbona hakuna hata karatasi moja inayosema mtu kama huyo aende kwa nani. Mwaka uliofuata Valerie Aurora na Mary Gardiner walianzisha Ada Initiative, taasisi iliyosukuma mikutano mingi ikubali kanuni za kuzuia unyanyasaji. Taasisi yenyewe ilifungwa 2015, kanuni zikabaki. Mwaka 2012 wakfu unaosimamia lugha ya Python uliamua kutodhamini mkutano usio na kanuni, na baadhi yetu huku tulikutana nazo kwanza kama sharti la kuombea ruzuku. Kuzinakili hakuchukui hata saa moja. Kazi huanza siku mtu anapozitegemea.

Chukua kisa hiki, ambacho nimekiunga kutoka visa kadhaa ili asitambulike yeyote. Binti yuko mwaka wa pili chuoni, nauli yake imelipwa na mkutano. Mtoa mada mwenye jina, ambaye pia kampuni yake huajiri vijana, amelisifu swali lake na kumwomba namba amtumie nafasi ya mafunzo kazini. Usiku meseji zinaanza: uko chumba gani, mbona unaringa. Asubuhi bwana huyo anamshika kiuno kwenye foleni ya kujiandikisha, mbele ya watu. Waliokuwa karibu wanacheka.

Namtafutia mahali tulivu, kamwe si chumba cha hoteli, na namwuliza kama kuna mtu angependa awe naye. Kwanza nasikiliza. Nikishasikia naomba ruhusa ya kuandika, na naandika kwa maneno yake: nini kilitokea, wapi, saa ngapi, nani aliona, meseji bado zipo au alizifuta. Alivaa nini, kwa nini alitoa namba, kwa nini hakupiga kelele, hayo siyaulizi na hayaingii kwenye daftari langu. Simwahidi kwamba mtu atafukuzwa. Simwahidi siri ya watu wawili pia, kwa sababu wanakamati wengine wawili watalazimika kujua. Nawataja kwa majina kabla hajafika mbali, ili kama mmojawapo ni shemeji wa yule bwana, aseme mapema. Mwisho namwuliza anahitaji nini ili aweze kubaki mkutanoni kesho. Majibu huwa madogo hata yakaniuma. Asipangwe naye kundi moja. Mtu amsindikize mpaka kwenye bajaji. Yule bwana asijue kuwa ni yeye aliyesema.

Kama ameshambuliwa, mkutano si kitu tena. Anahitaji hospitali, na dawa za kukinga maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana. Tanzania Bara vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo hutolewa PF3, fomu ya polisi ya kupelekwa hospitali. Zanzibar kuna kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali ya Mnazi Mmoja. Kwenda polisi au kutokwenda ni uamuzi wake. Wajibu wetu ni gari, mtu wa kwenda naye, na fedha zilizotengwa tangu bajeti ilipoandikwa.

Sasa nifike kwenye linalonisumbua kuliko yote. Kamati ikiketi jioni, hakosi mtu mzima mmoja, mwenye heshima zake, atakayesema: "Jamani, tuyamalize kifamilia. Tuwaite wote wawili, huyu kaka aombe radhi, wapeane mikono, kesho tuendelee." Anasema kwa nia njema. Nimekulia palipo na wazee wa usuluhishi, nimeona ugomvi wa mpaka wa shamba ukiisha kwa maneno na ndugu wakarudi kula pamoja, na ninauheshimu utaratibu huo. Lakini majirani wale walikuwa na mashamba yanayolingana. Hapa mmoja anagawa ajira, mwenzake hana hata nauli ya kurudi kwao isipokuwa ile tuliyomlipia. Mkimketisha mbele ya bwana huyo na wazee watatu wanaomtazama atasema yameisha, kwa kuwa hakuna neno jingine analoweza kulisema mle ndani. Mtakuwa mmempokonya mara ya pili, safari hii msamaha, na bwana atatoka akijua ni nani aliyemsemea. Nimelikataa hili kila lilipoletwa na nitaendelea kulikataa. Afadhali tulaumiwe kwamba tuna roho ngumu.

Wapo wanaokwenda upande mwingine na kutaka kesi kamili: mashahidi, vielelezo, hukumu. Sisi si mahakama na hatumfungi mtu. Tunajiuliza, kwa haya tunayoyajua jioni hii, je, mtu huyu akipewa kipaza sauti na zamu ya kuwalea wanafunzi kesho, watakuwa salama? Yeye naye husikilizwa. Tunamwendea wawili, faraghani, bila kufoka, tunamweleza tabia iliyotajwa pasipo kumtaja aliyeileta, na maneno yake yanaandikwa kama ya mlalamikaji. Wako wanaoshtuka kweli, wakaomba tuwaeleze walikosea wapi. Hao onyo huwatosha. Wako wanaotoa simu papo hapo kumpigia mdhamini. Kwa sababu hiyo wadhamini wetu huonyeshwa kanuni kabla ya kusaini, na mwanakamati anayefanya kazi kwa mtuhumiwa hutoka chumbani. Hatua hutofautiana: onyo, mada kufutwa, beji kurudishwa na mtu kuondoka, au kutopokelewa tena miaka ijayo. Kwenye mkutano wa siku tatu, uamuzi wa wiki ijayo haumkingi mtu yeyote.

Kuchelewa kuna gharama tuliyoiona jirani. Mwaka 2017 Ushahidi, shirika la teknolojia la Nairobi lililozaliwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, lilimwachisha kazi mkurugenzi mtendaji wake kufuatia malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia. Uamuzi ulikuja baada ya miezi, na baada ya mlalamikaji kuandika hadharani.

Kusema hadharani nako si rahisi kama kunavyoonekana. Machi 2013, kwenye PyCon, mkutano wa watumiaji wa Python, huko Santa Clara, California, mwanamke mmoja alikerwa na utani wa kingono wa wanaume wawili waliokaa nyuma yake, akawapiga picha na kuiweka Twitter. Waandaaji waliwaita na kuzungumza nao siku hiyohiyo. Nje ya ukumbi moto uliendelea kuwaka: mmoja wa wanaume akafukuzwa kazi, mwanamke akamiminiwa vitisho, kisha na yeye akafukuzwa. Huku kwetu ni makundi ya WhatsApp, ambako skrinishoti humaliza mikoa kabla chai haijapoa. Siwezi kumlaumu anayesema hadharani, hasa pale ambapo hakuna mlango mwingine. Nataka mlango uwepo na ujulikane. Baada ya hatua kuchukuliwa tunatoa maelezo mafupi: taarifa imepokelewa, kanuni imevunjwa, hatua hii imechukuliwa. PyCon ya Marekani imewahi kutoa ripoti ya namna hiyo mkutano ukiisha, bila jina la mtu. Washiriki wakisoma maelezo kama hayo huona kwamba bango letu mezani lina kazi.

Daftari langu halikai kwenye faili la pamoja la kamati. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na hata zisingekuwepo, mambo ya mtu si ya kuachwa pale ambapo kila aliyewahi kujitolea anaweza kuyafungua.

Mwezi mmoja baadaye nampigia yule binti. Mara nyingi hasemi mengi. Huuliza kama bwana yule atakuwepo mwakani. Swali hilo ni zito, kwa kuwa kamati zetu hubadilika kila mwaka na wapya hawajui yaliyopita. Nimeona mtu aliyezuiwa akiomba tena kutoa mada, kamati mpya ikafurahi kumpata na kuchapisha picha yake kwenye tangazo. Kwa hiyo sasa orodha ya waliozuiwa, majina na tarehe ya mwisho ya zuio, hukabidhiwa kwa watu wawili wa kamati inayoingia siku ileile wanapokabidhiwa hati za benki, kabla wito wa watoa mada haujatangazwa.