Nyumba ya Mtaa wa Beals Alikozaliwa John F. Kennedy

Nyumba namba 83 ya Mtaa wa Beals iko Brookline, mji unaopakana na Boston katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1909, yenye kibaraza mbele na uwanja mdogo, na bila bendera na bamba la shaba lililowekwa na mji mgeni angeweza kuipita asijue. Katika chumba cha kulala cha ghorofani, alasiri ya tarehe 29 Mei 1917, alizaliwa John Fitzgerald Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa 35 wa nchi hiyo. Tangu mwaka 1969 nyumba iko wazi kwa wageni chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, ile ile inayosimamia Yellowstone na Grand Canyon. Huko Marekani mbuga yenye dubu na sebule yenye piano huweza kuwa chini ya mamlaka moja.

Anayeingia humo haoni nyumba kama ilivyokuwa mwaka 1917. Vyumba vilipangwa upya nusu karne baadaye na Rose Kennedy, mama wa rais, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini na tano, na mwongozo wake mkuu ulikuwa kumbukumbu yake mwenyewe. Baadhi ya vyombo ni vya familia hasa, vingine vilinunuliwa kwa kuwa vilifanana na vya zamani. Jambo hilo ndilo linaloipa nyumba hii uzito wake. Asiyelijua atatoka akiwa ameona fanicha tu.

Joseph Patrick Kennedy aliinunua nyumba hiyo Agosti 1914 kwa dola 6,500, miezi miwili kabla ya kumwoa Rose Fitzgerald. Alikuwa na umri wa miaka 25, na tayari alikuwa mkuu wa Columbia Trust, benki ndogo ya East Boston ambayo baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Rose naye alikuwa binti wa John F. Fitzgerald, mwanasiasa mwenye maneno mengi aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha umeya wa Boston. Familia zote mbili zilikuwa za Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Babu wa Joseph, Patrick Kennedy, alivuka bahari mwishoni mwa miaka ya 1840, wakati njaa ilipokuwa ikiwamaliza watu wa kwao. Akawa fundi wa mapipa, na mwaka 1858 akafa kwa kipindupindu. Mjukuu wake kununua nyumba Brookline, mji ambao sehemu kubwa ya wakazi wake walikuwa Waprotestanti wenye nafasi zao, lilikuwa tangazo kwa jamii nzima kwamba akina Kennedy wameshatoka bandarini.

Hata hivyo haikuwa nyumba ya kitajiri. Mtaa wenyewe ulikuwa mpya, na viwanja vingi vilikuwa bado havijajengwa. Mtoto wa kwanza, Joseph mdogo, alizaliwa Julai 1915 huko Hull, pwani, familia ilipokuwa mapumzikoni. Watatu waliofuata walizaliwa hapa: John mwaka 1917, Rosemary Septemba 1918, wakati homa kali ya mafua ilipokuwa ikizagaa Boston, na Kathleen Februari 1920. Kwa familia ya watu sita, pamoja na wasichana wa kazi waliolala vyumba vya juu kabisa, nyumba ikawa finyu. Mwaka huo huo wa 1920 wakahamia nyumba kubwa zaidi, umbali mfupi kwa miguu, pembeni mwa Barabara ya Naples. Nyumba ya Beals ikauzwa kwa Edward Moore, msaidizi na rafiki wa karibu wa Joseph. Ni kwa heshima yake kwamba mtoto wa mwisho wa familia, seneta wa baadaye, alipewa jina la Edward Moore Kennedy.

Kwa hiyo John Kennedy aliondoka Mtaa wa Beals akiwa na miaka mitatu. Anayekwenda huko kutafuta chimbuko la mawazo ya urais atarudi mikono mitupu, kwa kuwa hakuna mtoto wa umri huo mwenye mawazo ya urais. Kilichopo ni malezi yenyewe: nani aliamka usiku, nani aliandika tarehe za chanjo, nani alikaa wapi mezani.

Baada ya akina Moore nyumba ilipita mikononi mwa watu wengine kwa miaka mingi. Mwaka 1961 mji wa Brookline uliweka bamba la kumbukumbu mbele yake, kijana wa mtaa akiwa ameshaapishwa kuwa rais. Kisha rais huyo akauawa huko Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Mwaka 1966 familia ikainunua tena, na Rose akaanza kazi ya kuirudisha katika hali aliyoikumbuka, akisaidiwa na mpambaji wa nyumba. Mwaka 1967 Bunge la Marekani liliitangaza kuwa eneo la kihistoria la taifa. Milango ilifunguliwa kwa umma tarehe 29 Mei 1969, siku ambayo John angetimiza miaka 52.

Inafaa kuhesabu kilichokuwa kimempata mama huyo hadi siku hiyo. Kati ya watoto wanne waliolelewa katika nyumba hii, Joseph mdogo alikufa vitani Agosti 1944, ndege yake iliyojaa milipuko ilipolipuka angani nchini Uingereza. Kathleen alikufa katika ajali ya ndege nchini Ufaransa mwaka 1948. John alipigwa risasi. Rosemary, aliyekuwa mzito wa kujifunza tangu utotoni, alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1941 kwa uamuzi wa baba yake. Upasuaji ulimharibu, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki akaiishi chini ya uangalizi wa watawa. Na Juni 1968, kazi ya ukarabati ikiwa bado haijakamilika, mwana mwingine, Robert, aliuawa Los Angeles. Vitanda vya watoto vilitandikwa upya na mtu aliyejua vyema kila mmoja wao aliishia wapi.

Ndani, chumba cha kwanza ni sebule. Humo kuna piano aliyopewa Rose kama zawadi ya harusi, na viti ambapo yeye na mumewe walikuwa wakikaa jioni, mmoja na gazeti, mwingine na kitabu au sindano ya kushonea. Chumba cha kulia kinafuata, na huenda ndicho kinachoeleza malezi ya nyumba hii kuliko vyote. Pembeni mwa meza kubwa imewekwa meza ndogo ya watoto, pamoja na vibakuli vya fedha vilivyochongwa herufi za majina yao. Katika nyumba ya Kennedy chakula kilikuwa pia darasa. Watoto walipokua, waliulizwa habari za dunia wakiwa mezani, na asiyesoma gazeti aliumbuka.

Ghorofani, chumba cha wazazi kina vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. John alizaliwa kwenye kile kilicho karibu na dirisha, ili daktari apate mwanga wa kutosha. Wakati huo wanawake wengi wa tabaka hilo bado walijifungulia nyumbani. Chumba cha watoto kina kitanda cha kichanga kilichopokezanwa na ndugu wote, gauni refu la ubatizo, na vitabu vya hadithi, kimojawapo kikiwa cha mbuzi mtundu aitwaye Billy Whiskers, ambacho John alikipenda kuliko vile alivyochaguliwa na mama yake.

Jirani na hapo kuna chumba kidogo chenye meza ya kuandikia. Rose alikuwa na desturi ya kumwekea kila mtoto kadi yake katika kisanduku, na juu yake kuandika tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, uzito, urefu, chanjo na maradhi. Kadi ya John inataja kifaduro, surua na tetekuwanga. Inataja pia ugonjwa wa Februari 1920, homa ya vipele vyekundu ambayo kabla ya kupatikana kwa dawa za antibiotiki iliwamaliza watoto wengi. Kathleen alikuwa anazaliwa siku hizo hizo, na mtoto mgonjwa hakuweza kubaki nyumba moja na kichanga. Alipelekwa hospitali ya mji wa Boston akiwa mahututi, na baba yake akawa anashinda kati ya ofisi, hospitali na kanisa. Kadi hizo ni kitu kidogo, lakini mtu akitaka kujua Rose Kennedy alikuwa mama wa namna gani, aanzie hapo: mapenzi yake yalipitia kwenye orodha.

Jikoni kuna jiko la zamani, sinki la kufulia na chungu cha maharage, maana maharage ya kuokwa taratibu yalikuwa chakula cha Jumamosi usiku katika nyumba nyingi za Boston. Hapa ndipo walipofanya kazi mpishi na yaya. Vyumba vyao vya juu havipewi nafasi kubwa katika simulizi, na ni pengo, kwa kuwa bila wao Rose asingepata muda wa kuandika kadi.

Sauti ya Rose ndiyo iliyoongoza wageni kwa miaka mingi. Wakati wa ukarabati alirekodi kanda akieleza chumba kimoja baada ya kingine, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Boston ya zamani. Anazungumza juu ya jioni tulivu, watoto wenye afya, na furaha ya ndoa changa. Waandishi wa historia ya familia wamesimulia sura nyingine: kwamba mwanzoni mwa 1920, akiwa mjamzito wa Kathleen na amechoshwa na mume asiyeonekana nyumbani, Rose alirudi kwa baba yake kwa wiki kadhaa, hadi mzee Fitzgerald alipomwambia arudi kwa mumewe. Kandani hakuna hilo. Wala hakuna mama mwenye umri ule ambaye angelisema mbele ya watalii.

Jina la mtoto wa kwanza wa nyumba hii liligusa Afrika Mashariki pia. Baada ya Joseph mdogo kufa vitani, familia iliunda wakfu wa hisani kwa jina lake. Mwaka 1960 Tom Mboya wa Kenya, akitafuta nauli za kuwapeleka vijana wa Kiafrika kusoma Marekani, alikutana na seneta John Kennedy nyumbani kwa familia huko Hyannis Port, naye akapata ahadi ya dola 100,000 kutoka wakfu huo. Mamia ya wanafunzi walisafiri Septemba mwaka huo. Mmoja wao alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas. Julius Nyerere naye alipokewa Ikulu ya Washington na rais Kennedy Julai 1963, miezi minne kabla ya Dallas.

Nyumba yenyewe haikukaa salama muda wote. Mwaka 1974 mahakama iliamuru wanafunzi weusi na weupe wa Boston wachanganywe kwa kusafirishwa kwa mabasi kati ya mitaa, na seneta Edward Kennedy akaunga mkono. Wazungu wengi wa mjini, wengi wao Waairishi wenzake, wakamwona msaliti. Septemba 1975 mtu alirusha chupa ya petroli yenye moto ndani ya nyumba ya Beals, na upande wa nyuma, penye jiko, ukaungua. Nje yaliachwa maneno ya kumkejeli Edward. Eneo lilifungwa kwa matengenezo. Mahali pa kumbukumbu ya mtoto mchanga palikuwa pamegeuzwa shabaha ya siasa za siku hiyo.

Nyumba za utotoni za viongozi wa Marekani zina visa vya kila aina. Kibanda cha magogo huko Hodgenville, Kentucky, kilichowekwa ndani ya jengo la fahari kama alikozaliwa Abraham Lincoln mwaka 1809, kilipopimwa kwa kuhesabu miaka ya miti ilidhihirika kwamba magogo yake yalikatwa katika miaka ya 1840. Lyndon Johnson, mrithi wa Kennedy, alijengesha upya nyumba aliyozaliwa huko Texas akiwa bado madarakani. Ukilinganisha, nyumba ya Beals ina unyofu wake: kuta ni zile zile, na aliyezipamba anajulikana kwa jina. Wataalamu wa Idara ya Hifadhi wameshagundua kwamba baadhi ya karatasi za ukutani na mapazia yana ladha ya miaka ya 1960 kuliko ya 1917. Badala ya kuviondoa wanavitunza, wakivihesabu kama sehemu ya kazi ya Rose, ambayo sasa nayo ni historia.

Njia rahisi ya kufika ni treni ya mjini, tawi la kijani, hadi kituo cha Coolidge Corner, kisha kutembea kwa muda mfupi. Nyumba hufunguliwa kwa msimu, kwa hiyo anayepanga kwenda miezi ya baridi aulize kwanza. Vyumba ni vidogo na wageni husimama mlangoni, hawaruhusiwi kukalia wala kushika kitu. Anayetaka anaweza kuendelea kwa miguu hadi Barabara ya Naples, ingawa nyumba ya pili ya familia ni mali ya watu binafsi na hutazamwa kutoka barabarani. Kanisa la Mtakatifu Aidan, alikobatizwa John Juni 1917, siku hizi ni makazi ya watu. Mwenye hamu ya siasa, hotuba na nyaraka za urais atahitaji safari nyingine, hadi Columbia Point upande wa pili wa Boston, ambako maktaba ya Kennedy ilifunguliwa mwaka 1979.