Mgongo Kwanza, Shanta Mwisho

Kijana mrefu wa Mnero, Nachingwea, yule ambaye wenzake wamembatiza ngongoti, akienda kutafuta shanta la safari za miguu huuziwa kubwa. Muuzaji humtazama toka unyayoni hadi utosini, hunyosha mkono kwenye begi la lita 80, na biashara imekwisha. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Lita hupima tumbo la begi, hazisemi lolote kuhusu mgongo utakaolibeba. Na begi kubwa lina tabia moja mbaya: mwenyewe hulijaza.

Kimo na urefu wa mgongo ni vitu viwili tofauti. Wapo watu wa sentimita 195 ambao urefu wao karibu wote umeishia miguuni, na wapo wa sentimita 180 wenye mgongo mrefu kuwashinda. Kwa hiyo kabla ya kuliangalia begi lolote, azima futi ya fundi cherehani na umtafute mtu wa kukupima. Inamisha kichwa, chini ya shingo utachomoza mfupa mmoja kuliko mingine, na kipimo kinaanzia hapo. Kisha jishike kiuno, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vielekee nyuma. Mstari unaounganisha vidole gumba hivyo ndio mwisho wa kipimo. Futi ifuate mpindo wa uti wa mgongo, isivutwe ikanyooka. Ukifika sentimita 50 au zaidi, wewe ni mtu wa shanta refu, ambalo kwenye lebo mara nyingi huandikwa herufi L. Ukipata 46, chukua la wastani hata kama kila siku unagonga kichwa mlangoni.

Sababu ya usumbufu wote huu ni mkanda wa kiunoni. Shanta lililotengenezwa vizuri huuhamishia kwenye nyonga sehemu kubwa ya mzigo, na mikanda ya mabegani inabaki na kazi ya kulizuia lisiyumbe. Likiwa fupi kuliko mgongo, mkanda hupanda tumboni, nao uzito wote huning'inia mabegani. Kwa saa moja utavumilia. Kufika saa ya nne utakuwa unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka.

Kubeba mzigo ni elimu ya zamani katika nchi yetu. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, ikiwemo ile iliyopita kusini kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa, walibeba kichwani au begani mizigo iliyokaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa akina mama wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada. Wewe mgeni wa shanta usijidanganye kwamba una mwili uliozoezwa tangu utotoni kama wao, lakini asilimia hiyo 20 inafaa kuwa dari yako. Mtu wa kilo 75 asizidishe kilo 15, maji yakiwemo.

Maji ndiyo yanayoamua safari za upande wetu. Mvua za Lindi ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili ama Mei. Nje ya miezi hiyo vijito vingi kati ya Nachingwea na Ruangwa huwa mchanga mtupu, na mwenye busara hutoka na lita 4 au 5. Hizo ni kilo 4 au 5 zisizo na njia ya kupunguzwa. Wazungu wa mizigo myepesi huhesabu vifaa pekee, bila maji, chakula wala mafuta: chini ya kilo 9 ni mwepesi, chini ya kilo 4 na nusu ni mwepesi wa kupindukia. Mtu mrefu wa Mnero alenge kilo 6 au 7. Chini ya hapo ataanza kukata vitu ambavyo mwili wake unavihitaji, maana nguo zake ni ndefu na viatu vyake ni vizito kuliko vya wenzake. Kupima vifaa hivyo, mizani ya chama cha msingi cha ushirika inayopima magunia ya korosho haitakufaa. Nenda kwenye ile ya duka inayopima robo ya sukari.

Mahali pa kulala ndipo fedha nyingi hupotelea bure. Mahema madogo ya bei nafuu huwa na urefu wa ndani wa sentimita 210 hivi, na hesabu inaonekana kukubali. Lakini kuta zake huinama kuelekea ndani, kwa hiyo mrefu hulala kichwa na vidole vya miguu vikigusa kitambaa kilicholowa mvuke wa pumzi zake. Kiangazi sioni haja ya hema. Turubai jepesi la mita 3 kwa 3 likifungwa kwa kamba kati ya miti miwili lina zaidi ya mita 4 kwa mshazari, na hakuna ngongoti asiyeenea hapo.

Chini ya turubai ning'iniza chandarua. Kwa malaria ya kusini hiki si kifaa cha hiari. Chandarua cha sentimita 180 kwa 190 nacho lala kwa mshazari. Kama ni chembamba, mpe fundi akishonee upande wa miguuni kipande cha kitambaa kizito, kwa sababu mguu ukiegemea wavu mbu huung'ata akiwa nje. Usiku wa Juni na Julai blanketi jepesi linatosha. Mkeka wa povu unaouzwa kwa ajili ya mazoezi huwa na sentimita 183 hivi. Usihangaike kutafuta mrefu zaidi. Ukate uishie magotini, na miguu uitandikie shanta lililokwisha kumwagwa vitu.

Anayeona aibu kwa vifaa vya namna hii amkumbuke Emma Gatewood, bibi wa Kimarekani aliyetembea peke yake njia yote ya Appalachian mwaka 1955 akiwa na miaka 67, zaidi ya kilomita 3,200. Begi alijishonea mwenyewe kwa kitambaa cha jinzi, na kinga yake ya mvua ilikuwa pazia la plastiki la bafuni.

Kwenye mitumba mrefu ana bahati asiyoijua. Belo nyingi hutoka nchi za watu wakubwa, na kiatu namba 47 hukaa mezani mpaka muuzaji anakichoka. Hapo ndipo pa kupatana bei. Mvua ikikutia wasiwasi, chukua plastiki ya ndani ya mfuko wa kuhifadhia nafaka bila dawa, uitandike ndani ya shanta kabla ya kupanga vitu.

Chakula kiko nyumbani. Gramu 100 za korosho au karanga zina nishati ya kilokalori 550 na zaidi, wakati unga wa ugali una kama 360, tena unadai sufuria, kuni na maji. Karanga zilizowashinda Waingereza Nachingwea, kwenye mradi ulioanza 1947 na kufutwa 1951, zitakufikisha Ruangwa bila moto. Kiangazi ni vizuri usiwashe moto kabisa. Na kwa kuwa tembo huingia mashambani Nachingwea na Liwale, lala karibu na kijiji, ukiwa umekwisha kujitambulisha kwa mwenyekiti.

Ukitamani Kilimanjaro, mfuko wa kulalia wa baridi kali ukodi Moshi. Kuununua kwa ajili ya siku chache ni hasara, ila uingie ndani yake palepale dukani: wa kawaida humfaa mtu wa hadi sentimita 183, mrefu hufika 198.

Vyote hivyo vikishapatikana, virundike sakafuni pamoja na chupa za maji zilizojaa. Sasa ndipo ununue shanta, ukiwa na rundo la kujaza na kipimo cha mgongo mfukoni. Lita 45 hadi 55 kwa kawaida zitatosha. Lijaze papo hapo, funga mkanda wa kiunoni kwanza, kisha mabega, utembee mpaka mwisho wa soko na kurudi. Mikanda ya mabegani ikiwa imeachana na mwili kwa juu, shanta ni refu mno kwako. Mkanda wa kiunoni ukipanda juu ya kitovu, lirudishe hata kama bei ni ya kutupa.