Asili ya Neno «Nomad» na Tafsiri Yake

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri hutuletea mara kwa mara limo lile ambalo Waingereza huliandika nomad, na Wafaransa nomade. Tafsiri mojawapo iliyotufikia, katika waraka wa ofisi moja, ilisema «mzururaji». Kwa kuwa uzururaji ni kosa mbele ya mahakama, mfasiri yule, bila ya kukusudia, aliwatia hatiani watu ambao waraka ulitaka wachimbiwe visima.

Chimbuko la neno hili ni Kigiriki. Kitenzi nemein kilikuwa na maana ya kugawa, na pia ya kulisha mifugo. Kutokana nacho likapatikana nomas, wingi wake nomades, yaani watu wa malisho. Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliwaita hivyo baadhi ya Waskitia wa kaskazini ya Bahari Nyeusi na baadhi ya makabila ya Libya. Msomaji atazame basi: ndani ya neno hili hamna kupotea wala kukosa makao. Mna mifugo, na mna fungu la ardhi. Hata nomos, yaani sheria, ni tawi la shina hilo hilo.

Si Wazungu wote waliowafuata Wagiriki. Warusi husema kochevnik na Wapoland koczownik, kutokana na shina la Kituruki lenye maana ya kuhama. Nao Waturuki wa nyika walikuwa jirani zao. Wafini wana paimentolainen, kutokana na paimen, mchungaji. Malisho, kuhama, uchungaji: uzururaji haumo.

Hata hivyo neno huweza kuharibiwa na matumizi. Nchini Ufaransa sheria ya mwaka 1912 iliwalazimisha walioitwa nomades kuchukua kitabu cha utambulisho chenye vipimo vya miili yao na alama za vidole. Sheria hiyo ilidumu hadi 1969. Walengwa hawakuwa na malisho yoyote. Jina la mchunga mifugo lilikuwa limekwisha kugeuka jina la mshukiwa.

Kwetu, «bedui» humhusu Mwarabu wa jangwani, na haifai kumwita hivyo Mmasai wala Mturkana. «Mhamahamaji» limekwisha kuzoeleka, ijapokuwa sisi tunaona uradidi wake unadokeza kutotulia, ilhali mfugaji ajua vema aendako masika na arudiko kiangazi. Kwa hiyo, panapohusika mifugo, tunapendekeza «mfugaji wa kuhamahama». Istilahi «mhamahamaji» ibaki kwa maana pana, ipate kuwaingiza Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao ni wawindaji, na hata wale vijana wa siku hizi wafanyao kazi kwa kompyuta huku wakihama mji hata mji. Neno «mzururaji» liachiwe mahakama.